Je, namba ‘tasa’ ni tasa kweli?

Hebu itazame namba hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Zidisha 2 kwa 2, kwa 2 tena, hadi hizo 2 ziwe 67, kisha utoe 1, utaipata.

Mnamo 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliiweka kwenye orodha ya namba tasa. Katika mazungumzo ya kila siku, tasa ni kiumbe asiyezaa. Katika hisabati, namba tasa ni ile inayozidi 1 na isiyogawika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, mathalani 7 au 13. Wengi wetu hapa Kenya istilahi hii ni ngeni kwetu maadamu hesabu tulifunzwa kwa Kiingereza.

Mwaka 1876, Édouard Lucas alithibitisha kwamba Mersenne alikosea. Ajabu ni kuwa hakutaja hata kigawo kimoja! Mbinu yake ilionyesha tu kwamba vigawo vipo. Ikabidi kusubiri miaka 27. Oktoba 1903, jijini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake na, inavyosimuliwa, hakutamka neno. Aliikokotoa namba yenyewe ubaoni, kisha akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Jibu likawa lile lile. Akarudi kuketi, ukumbi ukilipuka kwa makofi.

Nimesema kigawo, si kigawe. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12; vigawe vyake ni 12, 24, 36 na kuendelea. Badilisha irabu hiyo moja na makofi ya Cole yanakuwa ya bure, kwani vigawe hata mtoto wa shule ya msingi atakutajia.

Sasa turudi kwa ‘tasa’. Namba zile mbili za Cole zenyewe ni tasa. Isitoshe, kila namba nzima inayozidi 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa zilizozidishwa. Mzazi wa namba zote ataitwaje tasa? Nadhani aliyeiteua istilahi hii alikuwa akiwazia kugawa: ukiigawa, haikupi kitu. Ukiwazia kuzidisha, picha inapinduka. Sisemi neno litupwe, limeshazoeleka vitabuni. Ila mwalimu anayelifunza awaonyeshe wanafunzi pande zote mbili.