Nafasi ya Mapenzi katika Riwaya ya Kihistoria: Mfano wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kutenga riwaya dhati na riwaya pendwa, na mapenzi huachiwa kundi la pili. Kwa mgawanyo huo, msomaji wa Sinza, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayependa kisa cha mapenzi chenye historia ndani yake huelekezwa kusikofaa. Mwandishi anayemfaa ni Adam Shafi, ambaye aghalabu hufundishwa kama mwandishi wa siasa.

Kwa Kuli (1979), inayosawiri mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948, jina hilo linatosha. Kwa Vuta N'kuvute (1999) halitoshi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa makamo, anamkimbia mumewe, anakataliwa na jamaa zake na kupokewa na Mwajuma. Hapo ndipo anapokutana na Denge, mpinzani wa utawala wa Waingereza. Wahakiki wanaomchukulia Yasmin kama pambo la harakati za Denge wanapindua mambo. Mipaka ya rangi iliyojengwa na ukoloni haionekani vizuri katika mikutano ya siri. Inaonekana pale mlango wa nyumba ya ukoo unapofungwa. (Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ililielewa hilo, ikamweka Yasmin mbele.) Tena, Shafi hamtoi Yasmin kuwa tuzo ya mwanaharakati: anayemwoa hatimaye ni Bukheti.