Mtoto mwenye usonji anaposhindwa kudaka mpira, si uvivu

Na Mwandishi Wetu

WAZAZI wengi wa watoto wenye usonji huanza kutafuta msaada baada ya kuona mtoto amechelewa kuzungumza, haitiki anapoitwa au hachangamani na wenzake. Ni wachache wanaomweleza daktari kwamba mtoto huyo pia hujikwaa mara kwa mara, hushindwa kudaka mpira au huhangaika kufunga vifungo vya shati.

Nyumbani na shuleni huitwa mvivu au mzembe. Ukweli ni kwamba ugumu huo mara nyingi huambatana na usonji wenyewe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1944, daktari Hans Asperger wa Vienna, Austria, aliandika kuhusu watoto wa aina hiyo na kueleza kuwa hawakuwa wepesi wa viungo.

Mwaka 2020, mtafiti Anjana Bhat wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, alichapisha matokeo yaliyotokana na majibu ya wazazi wa maelfu ya watoto wenye usonji. Zaidi ya asilimia 80 ya watoto hao walionekana kuwa katika hatari ya kuwa na matatizo ya kumudu viungo, lakini takriban theluthi moja tu ndio waliokuwa wakipata huduma ya fiziotherapia.

Sababu mojawapo ya pengo hilo ni kwamba udhaifu wa viungo haumo katika vigezo vikuu vya kutambua usonji, hivyo ni rahisi kusahaulika.

Kudaka mpira huonekana jambo dogo. Hata hivyo, macho lazima yaufuate, ubongo ukadirie utakapofika, mikono ijiandae na mwili usiyumbe, yote kwa wakati mmoja. Kwa watoto wengi wenye usonji, uratibu huo ni mgumu.

Matokeo yake huonekana mtaani. Wenzake wanapocheza rede, kuruka kamba au gololi, yeye huachwa kando. Asipocheza hapati mazoezi, na asipopata mazoezi huzidi kuachwa nyuma. Hapo hupoteza pia nafasi ya kujifunza kusubiri zamu na kupata marafiki.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17, wakiwamo wenye ulemavu, wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Si lazima ziwe za mfululizo. Kutembea haraka, kupanda ngazi na kuendesha baiskeli vyote vinahesabika.

Mzazi anaweza kuanza na mpira mkubwa, mwepesi, akiuviringisha sakafuni. Mtoto akizoea, udundishwe, kisha urushwe kwa karibu. Aoneshwe kwa vitendo badala ya maelezo marefu, mahali tulivu na kwa saa ileile kila siku.

Kuogelea nako hupendwa na wengi, lakini mtu mzima asiwe mbali hata kidogo, kwani baadhi ya watoto hawa huvutwa na maji bila kutambua hatari.

Mazoezi hayaponyi usonji, wala hayachukui nafasi ya huduma nyingine. Kazi yake ni kumrudisha mtoto mchezoni. Mzazi anayeona dalili hizo amweleze daktari mapema, bila kusubiri aulizwe.