MWANGA WA MCHANA NA WAZEE WENYE UGONJWA WA KUSAHAU

Mwalimu aliye darasani na aandike ubaoni maneno mawili: UBONGO na MWANGA.

Uzee peke yake si ugonjwa. Lakini wako wazee ambao ubongo wao huharibika kidogo kidogo kwa maradhi. Mzee wa namna hiyo husahau majina ya wanawe na hupotea katika njia aliyoizoea. Mara nyingi husinzia mchana, na usiku hukesha akizunguka nyumbani. Wengine husema amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi. Sivyo. Huyo ni mgonjwa.

Kwa nini hukesha? Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo iliyo kama saa. Huuambia mwili wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Mwanga unaoingia machoni ndio unaoirekebisha saa hiyo kila siku. Kwa mgonjwa huyu saa hudhoofika. Naye akifungiwa kutwa katika chumba chenye giza, saa yake hukosa cha kuirekebisha.

Wataalamu wa Uholanzi walilijaribu jambo hili katika nyumba 12 za kutunzia wazee. Wazee walikuwa 189, na wengi wao walikuwa na ugonjwa huo. Baadhi ya nyumba zilitiwa taa za nuru kali, zikawashwa tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Nyumba nyingine zilikuwa na nuru hafifu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Kwa wazee waliokaa penye nuru kali, dalili za huzuni zilipungua kwa asilimia 19. Akili zao pia zilififia polepole zaidi, lakini tofauti ilikuwa ndogo, kama asilimia 5 tu.

Je, mwanga ni dawa ya kuponya? La. Haurudishi kumbukumbu iliyopotea. Mwaka 2014 wataalamu wengine waliyapima majaribio kadhaa kwa pamoja, wakaona ushahidi bado hautoshi. Basi mtu akija kuwauzia taa akidai inaponya ugonjwa huu, msimpe fedha zenu.

Lakini mwanga wa mchana hauuzwi. Hata siku ya mawingu, nuru ya nje kwa kawaida hushinda ile ya taa za Uholanzi. Kila asubuhi mtoeni bibi au babu barazani. Akae kivulini, asilitazame jua lenyewe. Mpeni kazi nyepesi, kama kuchambua mchele, na mzungumze naye. Usiku punguzeni taa. Akibadilika ghafula, mpelekeni hospitali.

Maswali ya darasani:
1. Ni kitu gani kinachorekebisha saa ya mwili?
2. Kwa nini si vema kumfungia mzee gizani?
3. Mwanga unaweza kusaidia nini, na hauwezi nini?