Daftari la Mwanafunzi Wakati wa Maradhi

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Maradhi ya Korona yalitufundisha kwamba hata afya huhitaji daftari.

Mgonjwa wa kwanza nchini Rwanda alitangazwa tarehe 14 Machi, 2020. Siku mbili baadaye shule na vyuo vilifungwa, wanafunzi wakafungasha vitabu na kurudi makwao. Vyuo havikuanza kufunguliwa tena hadi Oktoba.

Hebu, ndugu msomaji, tumfikirie mmoja wao: binti anayesomea takwimu, amerudi kwa wazazi wake Butare. Si ule mji wenye chuo kikuu, ambao siku hizi huitwa Huye, bali Butare ya vilimani katika Wilaya ya Rusizi, upande wa Cyangugu ya zamani. Wilaya hiyo inapakana na Kongo, na mwezi Juni 2020 watu walikatazwa kuingia wala kutoka. Muhula umekatika, lakini utafiti wake haujakatika. Kwa simu anaziuliza familia: mpo wangapi nyumbani? Nani ameugua homa, na ilianza tarehe gani?

GWARIDE LA HESABU

Pengine mzazi atauliza, hesabu zamponya nani? Jibu lilipatikana Rwanda kwenyewe. Vipimo vilikuwa ghali na haba. Wilfred Ndifon, mtaalamu wa hisabati kutoka Kamerun aliyekuwa katika taasisi ya AIMS mjini Kigali, alishirikiana na Profesa Leon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda na wenzao kutafuta njia ya kupima watu kwa makundi. Kazi yao ilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Oktoba 2020.

Asili ya fikra hiyo ni ya kijeshi. Mwaka 1943 Robert Dorfman wa Marekani alieleza jinsi ya kuchanganya damu za watu walioitwa jeshini ili kuwapima kaswende kwa pamoja.

Askari ataelewa upesi. Tuseme watu 100 wamesimama gwaride, mistari 10 ya watu kumi kumi. Changanya sampuli za kila mstari: vipimo 10. Kisha changanya za wote walio nafasi ya kwanza katika mistari yao, halafu za nafasi ya pili, mpaka ya kumi: vipimo 10 vingine. Ikiwa mgonjwa ni mmoja tu, mstari mmoja utaonyesha maradhi, na nafasi moja pia. Mstari wa nne, nafasi ya saba: ndiye huyo! Vipimo 20 vimefanya kazi ya 100. Wataalamu wale waliendeleza upangaji huo hata watu 81, mgonjwa akiwa mmoja, wakatoshwa na vipimo 12. Njia hii hufaa zaidi wagonjwa wakiwa wachache.

NAFASI TUPU SI AIBU

Lakini angalia hatari yake. Jina likiandikwa mstari wa tano badala ya wa nne, mzima atatengwa na mgonjwa atarudi kwa watoto wake.

Hapo ndipo ulipo mtihani wa binti yetu. Simu moja haikupokelewa. Nafasi ya tarehe imebaki tupu, na siku ya kupeleka kazi imekaribia. Ni rahisi kubuni tarakimu, na hakuna atakayejua. Asifanye hivyo. Nafasi tupu husema kweli, kwamba bado hatujui. Tarakimu ya kubuni husema uongo kwa sauti ya kweli. Askari wa zamu haandiki kwamba wote wapo kabla ya kuwahesabu.

WAJIBU WA NYUMBANI

Akina baba na akina mama, mwanafunzi anayefanya kazi nyumbani hajakaa bure. Mpeni meza, taa na saa chache za utulivu. Kazi za nyumbani zigawanywe sawa kati ya wavulana na wasichana, asije binti akaacha daftari kila sufuria inapochemka.

Nanyi wekeni daftari la afya: jina, tarehe homa ilipoanza, dawa iliyotolewa na siku ya nafuu. Mganga akiuliza, msikisie. Someni kilichoandikwa.