Safari ya Siku Mbili kwa Ndege: Kutoka Kiboko Hadi Mombasa

Kila siku eropleni hupita juu ya Kiboko zikienda Mombasa au zikirudi Nairobi. Watu walio chini, kando ya barabara kuu, wengi hawainui vichwa. Wenye maduka wana kazi yao, madereva wa malori wana safari yao, na ngurumo ya juu imekwisha kuwa jambo la kawaida kama upepo utokao upande wa vilima vya Chyulu. Lakini hakosi kuwapo mtu mmoja, aghalabu kijana, ambaye kila asikiapo ngurumo hiyo husimama, akaweka kiganja juu ya macho, akaifuata ndege mpaka isionekane tena. Wenzake humcheka. Humwuliza kama anamdai mtu huko mbinguni. Habari hii ni juu ya mtu wa namna hiyo, na juu ya safari fupi ambayo ingemfaa sana.

MCHEZO WENYE ELIMU

Kiboko ni mji mdogo katika Makueni, kilometa 160 hivi kutoka Nairobi. Mahali hapa pana chemchemi na miti mikubwa, na hapo ndipo John A. Hunter, mwindaji aliyejulikana sana siku za ukoloni, alipojenga nyumba ya wageni. Hata leo wageni hupumzika pale na kutazama ndege wa mtoni. Lugha ya Kiswahili imempa kiumbe mwenye manyoya na chombo cha chuma jina moja. Upatanisho wa maneno tu ndio unaoonyesha ni ndege yupi, au ni ndege ipi. Mgeni akikaa saa nzima kumtazama ndege mwenye manyoya, watu husema ana elimu. Kijana wa Kiboko akiitazama ndege ya chuma kwa dakika tano, watu husema hana kazi. Hukumu hiyo si ya haki.

Kutazama eropleni, kutambua aina zake na kuandika namba zake daftarini ni mchezo wenye wafuasi wengi ulimwenguni. Katika Uingereza mchezo huo ulipata nguvu kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili. Wakati ule raia wengi walifundishwa kutambua eropleni kwa umbo na kwa sauti, ili wapate kutoa habari mapema adui akija. Vita vilipokwisha mwaka 1945, macho yaliyozoea kutazama juu hayakuacha desturi yake.

Mtazamaji hodari haangalii ukubwa na rangi tu. Hutafuta herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege, karibu na mkia, maana kila ndege ya raia ina alama ya nchi yake. 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 9XR ni Rwanda, 9Q ni Kongo, na ET ni Ethiopia. Ajuaye alama hizo husoma kama msomaji wa kitabu.

Tena ni kitabu cha historia. Wakati wa ukoloni ndege za Kenya zilikuwa na alama ya VP-K, za Uganda VP-U, na za Tanganyika VR-T. Baada ya uhuru alama hizo za kutawaliwa zilifutwa, kila nchi ikapata yake. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 kwa ndege ndogo 6 za mabawa mawili mawili, lilikuwa mali ya nchi zote kwa pamoja. Liliponunua ndege kubwa za VC10, ambazo zilianza kazi mwaka 1966, ndege hizo ziligawanywa kwa alama: nyingine ziliandikwa 5Y, nyingine 5X, na nyingine 5H. Mtu aliyesimama chini aliweza kuuona umoja wa Afrika Mashariki kwa macho yake. Mwaka 1977 umoja huo ulivunjika na shirika likafa. Mwaka huo huo Kenya ikaanzisha shirika lake, Kenya Airways. Basi aliyekuwa na daftari lake wakati ule aliandika, kwa herufi chache tu, habari ya jambo kubwa lililowagusa watu wote wa nchi hizi.

KURUDI NYUMA ILI KWENDA MBELE

Na afikiriwe mtu mmoja wa Kiboko, mwenye kiduka kando ya barabara, ambaye ametazama ndege tangu utoto wake wala hajapanda hata mara moja. Amejiwekea fedha kidogo kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba. Sasa ataka kwenda Mombasa kwa siku mbili, aende kwa ndege na kurudi kwa ndege. Nauli ya ndege haikai mahali pamoja: anunuaye tiketi majuma mengi mbele hupata nafuu, na angojaye mpaka siku ya mwisho hulipa zaidi.

Jambo la kwanza litawachekesha jirani zake. Kiboko iko kwenye njia ya Mombasa, lakini mtu huyu hana budi kupanda basi la kurudi Nairobi, mwendo wa saa mbili au tatu, kisha aruke juu ya kijiji chake mwenyewe. Atarudi nyuma ili apate kwenda mbele. Kama haja yake ingekuwa kufika tu, angepanda basi mlangoni kwake, au angekwenda Emali au Kibwezi kupanda gari moshi jipya lililoanza kubeba abiria mwaka 2017. Lakini haja yake si kufika. Haja yake ni kuona.

Afike kiwanjani mapema, saa mbili au zaidi kabla ya ndege kuondoka, akiwa na kitambulisho chake. Asitie kisu wala mkasi katika mfuko atakaoingia nao ndani. Darubini na daftari havina neno.

WALIOKIJENGA EMBAKASI

Akiwa pale Embakasi, kiwanja ambacho tangu mwaka 1978 huitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, na akumbuke ardhi anayoikanyaga. Zamani ndege kubwa zilitua Eastleigh. Kiwanja cha Embakasi kilifunguliwa mwaka 1958 na Gavana, Sir Evelyn Baring. Sherehe zilikuwa kubwa, lakini kazi ya kukijenga ilifanywa kwa sehemu kubwa na mahabusi waliokamatwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Walichimba na kusawazisha ardhi ile chini ya ulinzi wa bunduki, ili watu wengine waruke. Katika daftari la mtazamaji hakuna safu ya kuandika majina yao, lakini kila gurudumu liguSapo njia ile ya kurukia lapita juu ya jasho lao.

Mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa, Septemba 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda kusoma Marekani, kwa mpango uliosimamiwa na Tom Mboya. Mwaka 1960 walifuata wengine wengi zaidi, na miongoni mwao alikuwa Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Siku zile palikuwa na roshani katika kiwanja, ambapo jamaa walisimama kuwapungia mikono wasafiri. Hata watu wasiokuwa na msafiri walikwenda pale na watoto wao, wakatazama ndege zikiruka na kutua, wakarudi nyumbani wameridhika. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kutazama ndege ni desturi ya kigeni. Wazee wengi wa Nairobi walilelewa nayo.

ADABU YA KUTAZAMA

Roshani ya namna ile haiko tena kwa watu wote, na ulinzi wa viwanja vya ndege umekuwa mkali kila mahali. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana, maana mchezo usio na hatia waweza kumtia mtu mashakani.

Mfano wake ulitokea Ugiriki. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 walikamatwa katika mji wa Kalamata, kwenye maonyesho ya ndege za vita. Walikuwa na daftari zao, wakiandika namba kama ilivyo desturi yao. Walishtakiwa kwa upelelezi, wakakaa gerezani zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kupewa dhamana. Aprili 2002 walihukumiwa kuwa wana hatia, na Novemba ya mwaka huo mahakama ya rufani ikawaachilia wote. Ilikuwa shida kubwa kuwasadikisha watu kwamba mtu mzima aweza kusafiri mbali ili kuandika namba tu, bila kutumwa na serikali yoyote.

Kenya nayo ina sheria juu ya mahali palindwapo, na askari wa kiwanja cha ndege ana haki ya kumwuliza mtu anayepiga picha. Mtazamaji mwenye busara huomba ruhusa kwanza. Hapigi picha askari, wala mahali pa ukaguzi, wala ndege za jeshi. Eastleigh ya zamani sasa ni kituo cha jeshi la anga, na kamera haina kazi pale. Wala harushi chombo kidogo cha kupiga picha angani bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Akiulizwa, hujibu kwa upole na kulionyesha daftari lake, wala hakimbii. Akimbiaye hujishtaki mwenyewe.

KIBOKO KUTOKA JUU

Msafiri achague kiti cha dirishani, upande wa kulia, nyuma ya bawa. Ndege itakimbia, itainuka, na nyumba za Nairobi zitakuwa ndogo. Baada ya dakika 15 au 20, mawingu yakiruhusu, ataona uzi mweusi, yaani barabara kuu, na karibu nao njia mbili za reli: ile ya zamani iliyofika Nairobi mwaka 1899, na ile mpya. Upande wa kulia vitatokea vilima vya Chyulu, na nyuma yake Kilimanjaro na theluji yake. Kati ya barabara na vilima atauona mstari wa miti ya kijani kibichi katika nchi kavu. Huo ni mto wake. Hapo ndipo kilipo kiduka chake.

Kutoka juu haonekani mwuza duka wala mwenye kucheka. Lakini ataelewa mambo ambayo mtu wa chini hayaoni upesi: jinsi maji yalivyo machache katika Ukambani, jinsi mashamba yanavyoufuata mto kama watoto wamfuatavyo mama, na jinsi ukame ukiwa mbaya unavyoweza kuikausha nchi yote isipokuwa mstari ule mwembamba. Aliyeona hivyo mara moja hakati tena mti wa mtoni kwa wepesi.

SIKU MBILI MJINI

Safari yote ya angani haifiki saa moja. Kiwanja cha Mombasa kiko Port Reitz, upande wa bara. Hapo mtazamaji ataona ndege ambazo hupita mbali na Kiboko: za Ethiopia, na wakati mwingine za watalii watokao Ulaya. Aandike alama zao, kisha aingie mjini, kwa maana si vizuri mtu kwenda mji mkubwa akaona magurudumu tu.

Siku ya kwanza na aende Ngome ya Yesu, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na kutekwa na Waarabu wa Oman mwaka 1698. Juu ya kuta zake ataiona bahari, na ataelewa kwamba kabla ya ndege walikuwapo watazamaji wengine, waliosimama hapo hapo wakitambua majahazi kwa tanga zake na kuuliza, Ni la nani hili, nalo latoka wapi? Kazi yao na yake ni moja. Siku ya pili avuke Likoni kwa feri, ambayo waendao kwa miguu hawalipi kitu. Na akumbuke kwamba mwaka 1937 ndege kubwa za Waingereza zilizoelea majini zilikuwa zikitua katika bahari ya Mombasa, katika safari yao ya kutoka Uingereza hadi Durban.

Jioni na arudi kiwanjani. Safari hii achague kiti cha kushoto, maana kilichokuwa kulia wakati wa kwenda kitakuwa kushoto wakati wa kurudi. Kutoka Nairobi atapanda basi na kushuka Kiboko usiku, akiwa na vumbi la barabara juu ya viatu kama siku zote.

Jirani watamwuliza ameleta nini. Hana mzigo mkubwa: halua kidogo ya Mombasa, na daftari lenye kurasa tatu au nne zilizojaa herufi. Lakini wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Kesho yake ngurumo itakapopita juu, mtoto mmoja wa jirani atasimama karibu naye na kuinua kichwa. Naye asimfukuze. Amwambie ile yatoka wapi, na yaenda wapi, na kwamba mle ndani, upande wa dirisha, huenda yupo mtu anayewatazama wao.