Chemosit mezani: kanuni nzito au nyepesi?

Mlete Chemosit mezani. Ni lile zimwi la ngano za Wanandi, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na fimbo kama mkuki ya kujikongojea, na mdomo mwekundu unaowaka usiku kama taa. A. C. Hollis alimwandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1909. Nyanya zetu walikuwa wakimsimulia zamani kabla ya hapo. Sasa tuseme vijana wanne wa Eldoret wameketi kucheza mchezo wa kuigiza: mmoja anasimulia na kuamua, watatu ni mwindaji, mganga na mchungaji. Mwanga mwekundu unatokea msituni. Mwindaji anasema, "Namfuma mshale."

Hapo ndipo michezo hii ya kuigiza mezani inapoachana njia.

Katika Dungeons & Dragons, iliyoanzishwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka wa 1974, mwindaji anarusha dadu ya nyuso 20, anajumlisha alama za wepesi wake na za ustadi wake wa upinde, kisha jumla inapimwa dhidi ya kinga ya Chemosit. Ikifikia, ndipo anarusha dadu nyingine kujua jeraha ni kubwa kiasi gani. Toleo la 2014 lina vitabu vikuu vitatu, kila kimoja zaidi ya kurasa 300. Katika Cairn, kijitabu chembamba alichokitoa Yochai Gal mwaka wa 2020 na ambacho hupatikana bure, mshale haukosi. Unarusha dadu ya jeraha, unatoa kinga, hadithi inaendelea. Mhusika ana sifa tatu tu: nguvu, wepesi na utashi.

Wapo wanaodai kanuni nzito zitatushinda. Sikubali hata kidogo. Tazama bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64, nyumba yenye masharti yake, awamu ya namua kisha ya mtaji, na sheria za kutakata ambazo mgeni huzichanganya hadi achoke. Wazee wa Lamu na Zanzibar wanazibeba zote kichwani bila kufungua kitabu. Wamezipata barazani, wakitazama wenzao wakicheza miaka na miaka. Kwa hivyo uzito wenyewe si kizuizi. Kinachokosekana Eldoret ni baraza la kutazamia mchezo huu mpya, na kijana anayeanza peke yake na kurasa elfu moja ataviweka vitabu kabatini kabla Chemosit hajatokea.

Ubishi huu ni wa zamani kuliko mazimwi ya mezani. Mwaka wa 1824 jeshi la Prussia lilipokea mchezo wa vita wa Reisswitz, wenye dadu na majedwali ya kila kishindo. Mwaka wa 1876 Jenerali Verdy du Vernois aliyaweka majedwali kando: mwamuzi mzoefu aamue kwa ujuzi wake. Mchezo ukawa mwepesi, lakini uzito wote ukahamia kwa mtu mmoja.

Jambo hilo linanigusa sana. Kanuni nyepesi humtegemea msimamizi, yule anayesimulia na kuamua, na msimamizi akiwa ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, msichana mpole anayecheza mganga atasikia "haiwezekani" jioni nzima. Kitabu kizito kinampa haki yake kwa maandishi: dawa hii inaponya kiasi hiki, na hakuna wa kumnyang'anya. Ulinzi huo nauthamini kuliko kasi yoyote.

Hata hivyo, kwa meza isiyo na mzoefu hata mmoja, ningeanza na Cairn, kwa sharti moja. Pawe na daftari la shule katikati ya meza. Kila mkibishana, kwa mfano kama Chemosit anaweza kuvuka mto kwa mguu wake mmoja, amueni kwa pamoja, mwandike uamuzi na mfungwe nao wote, msimamizi akiwemo. Mganga naye aandikiwe dawa zake humo, kila moja na nguvu yake. Daftari litanenepa kadiri mnavyocheza, na kila aliyeketi hapo atakuwa ameshiriki kutunga kanuni zilizomo.