Mihogo na Siku Tatu za Maji

Kutumia mali kwa kiasi ni fadhila. Lakini kuna haraka inayojifanya kiasi. Mihogo michungu ina sumu. Tukiiloweka siku tatu na kuianika juani, sumu karibu yote hutoka. Tukiiopoa baada ya siku moja ili tuwahi soko, hubaki katika bukari. Huko Kwango, daktari Trolli alieleza mwaka 1938 ugonjwa wa konzo: miguu hupooza ghafula, wala hairudi kama zamani. Huwapata hasa akina mama na watoto wanaokula bukari bila maharagwe wala samaki. Twajua, chumvi na sabuni hutaka fedha. Hata hivyo, baba asiuze maharagwe yote. Sombe nayo itwangwe, ichemshwe sana.